Jiko la kuni: kulijenga ni siku moja, kulitunza ni kila siku



Katika parsele nyingi tunazopita kule Nyamianda tunakuta jambo moja. Jiko bora la udongo liko pale, limejengwa na fundi, lakini juu yake wamepanga sahani, bidon ya maji na kikapu cha vitunguu. Limegeuka meza. Pembeni yake mafiga matatu yanawaka kama zamani, moshi umejaa nyumba, na mama anapepea moto huku machozi yanamutoka. Tukiuliza sababu, majibu yanafanana: jiko lilipasuka, jiko linarudisha moshi ndani, sufuria yetu kubwa haiingii, mvua ililimeng'enya mudomo.

Hakuna mutu anayerudi kwenye mafiga kwa kupenda moshi. Wanarudi juu jiko liliwekwa mahali pasipofaa, ama juu fundi alimaliza kazi, akanawa mikono, akaenda, bila kumuonyesha mwenye nyumba namna ya kulitunza. Faida za jiko bora mumeisha kuzisikia katika mikutano. Leo tunazungumza mambo mawili tu: namna ya kuliweka nyumbani bila kuleta hatari ya moto, na namna ya kulitunza ili lifike miaka mitatu, mine, bado linapika.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Muji wetu wa Uvira umebanwa. Upande mumoja iko Ziwa Tanganyika, upande mwingine iko milima ya Mitumba, na sisi tumejipanga katikati, nyumba kwa nyumba. Moto ukitoka jikoni kwa jirani, hauna safari ndefu ya kufika kwako. Nyumba nyingi zina kuta za matofari mabichi, lakini jiko lenyewe mara nyingi liko ndani ya kibanda cha matete, mbao za zamani na baché. Hivyo vyote ni chakula cha moto, sana sana mwezi wa 7 na wa 8 wakati kila kitu kimekauka.

Iko pia jambo la milima. Kuni na makala tunayochoma inashuka kutoka juu. Kutengeneza kilo moja ya makala kwa tanuru ya udongo ya kawaida inaweza kula kilo 7 za kuni, na mara nyingi zaidi. Mulima ukibaki uchi, maji ya mvua hayana kitu cha kuyashika. Yanashuka na mawe na tope. Wote tunakumbuka Aprili 2020, muto Mulongwe ulipofurika: watu wengi walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Mvua ilikuwa kubwa, hilo ni kweli. Lakini mulima wenye miti unapokea mvua kubwa kwa namna nyingine kuliko mulima uliokatwa.

Na iko kipindupindu. Uvira inajulikana kwa ugonjwa huu toka miaka mingi. Maji ya kunywa yanataka kuchemshwa, na kuchemsha kunataka kuni. Nyumba ambayo kuni zake zinaisha kwa maharagi peke yake itayanywa maji bila kuyachemsha. Kwa hiyo kila kipande cha kuni ambacho jiko linaokoa kina kazi nyingine inayokingojea.

Kuhusu moshi: Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 ni vya watoto chini ya miaka 5. Mutoto anayebebwa mugongoni wakati mama anapika anavuta moshi uleule wa mama, na mapafu yake bado madogo.

Jiko hili lilipita wapi kabla ya kufika kwetu

Ni vizuri kujua, juu kila kabila la jiko liko na ugonjwa wake. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976 kule Guatemala, Amerika ya Kati, watu walianza kujenga jiko kubwa la udongo na muchanga. Waliliita Lorena, kutokana na maneno mawili ya Kihispania: lodo, ndio tope, na arena, ndio muchanga. Lilitoa moshi nje ya nyumba vizuri. Lakini lilipopimwa baadaye, ilionekana mara nyingi halipunguzi kuni: ukuta wake munene na muzito ulikuwa unakunywa joto lote kabla sufuria haijapata kitu.

Katika miaka ya 1980, Larry Winiarski, fundi wa kituo cha Aprovecho kule Marekani, alitoa wazo lingine: chumba cha moto kidogo, chenye umbo la kiwiko, kilichozungukwa na kitu chepesi kisichonyonya joto. Ndiyo inaitwa jiko la roketi. Wakati huohuo nchini Kenya wamama wafinyanzi wa upande wa magharibi walikuwa wanachoma vyungu vya kuweka ndani ya jiko la kuni, vilivyoitwa Maendeleo na baadaye Upesi. Uganda wao waliunganisha mambo mawili, umbo la Lorena na kiwiko cha roketi, wakajenga kwa udongo wa kichuguu na kutumia mugomba kama kalibu. Jiko tunalolifundisha hapa ni ndugu wa hilo la Uganda. Vitu vyake vyote tunavyo: kichuguu, makapi ya mupunga kutoka mashine za uwanda wa Ruzizi, na mugomba.

Kuchagua mahali

Kabla ya kuchanganya udongo, zunguka parsele na kujiuliza maswali haya.

Je, maji yanafika hapo? Udongo mubichi na maji havipatani. Katika sehemu za chini, ziwa likipanda ama mvua ikituama, jiko linakunywa maji kutoka chini na kumeng'enyuka. Weka kwanza musingi wa mawe ama matofari ya kuchoma, urefu wa sentimita 20 ama 30 juu ya ardhi. Hapo ndipo jiko litakaa. Musingi huo unainua pia moto kutoka kwa mutoto anayetambaa.

Je, upepo unatoka wapi? Sisi watu wa pembeni ya ziwa tunaujua: muchana, sana sana baada ya saa sita, upepo unatoka ziwani kuelekea mulimani, usiku unageuka, unashuka kutoka mulimani. Mudomo wa jiko ukitazama ziwa moja kwa moja, alasiri upepo utaingia kwa nguvu, utakula kuni haraka na kurusha cheche. Geuza mudomo utazame kaskazini ama kusini, ama weka ukuta mufupi wa matofari mbele yake.

Je, nini iko karibu? Kutoka mwili wa jiko mpaka ukuta wa matete, mbao ama baché, acha hatua moja nzima ya mutu mukubwa. Kama nafasi ni ndogo, simamisha ukuta wa matofari kati ya jiko na matete, na uache upenyo wa vidole vinne nyuma yake ili hewa ipite. Juu ya jiko kusiwe kamba ya nguo, mufuko, wala nyasi inayoning'inia.

Je, watu wanapita wapi? Jiko lisikae kwenye mulango. Moto ukishika, mulango ndio njia yako ya kutoka. Lisikae pia kwenye njia ambamo watoto wanakimbia kwenda chooni ama kwenye bomba la maji.

Je, hewa inaingia na kutoka? Kibanda cha jiko kiwe na tundu mbili: moja chini ya ukuta, nyingine juu karibu na bati, upande wa pili. Jiko lisilo na hewa litatoa moshi hata likijengwa na fundi hodari.

Kujenga

Wakati muzuri ni kiangazi, kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8. Jiko lililojengwa kati ya mvua halikauki ndani, na moto wa kwanza utalipasua.

Udongo wa kichuguu ndio bora. Kama hauko, tafuta udongo munato wa mulimani. Muchanga wa pembeni ya ziwa peke yake haushiki. Jaribu hivi: finyanga kamba ya udongo yenye unene wa kidole gumba na kuikunja. Ikivunjika mara moja, udongo uko na muchanga mwingi. Ikikunjika laini na kushikamana na mikono kama gundi, utapasuka ukikauka. Ongeza muchanga kidogo na nyasi kavu zilizokatwa fupi. Lowesha udongo, ukanyage kwa miguu, uufunike, uulaze siku mbili tatu, kisha ukanyage tena.

Tenga aina mbili za mchanganyiko. Ya kwanza, ya kuzunguka chumba cha moto, iwe na makapi ya mupunga ama unga wa mbao mwingi: kopo moja ya udongo kwa kopo moja ya makapi. Makapi yataungua pole pole na kuacha vitundu vidogo vya hewa, na hivyo vitundu ndivyo vinazuia joto lisitoroke. Ya pili, ya mwili wa nje, iwe ngumu: udongo, muchanga na nyasi. Ukijenga lote kwa udongo muzito, utakuwa umejenga ile Lorena ya zamani inayokunywa joto.

Kwa kalibu, kata vipande vya mugomba vyenye unene wa sentimita 12 mpaka 14. Kipande kimoja kinalala, ndio mudomo wa kuni. Kingine kinasimama juu ya mwisho wake, urefu wa sentimita 25 ama 30, ndio koo la moto. Hapo tayari umepata kiwiko. Jenga kuzunguka, unene usipungue sentimita 10 kila upande, ukipiga udongo kwa ngumi ili usibaki na mifuko ya hewa. Weka kipande kingine cha mugomba kutoka sufuria ya kwanza kuelekea ya pili, na kingine kutoka ya pili kuelekea bomba la moshi.

Halafu chukua masufuria yenyewe ya nyumba hiyo, ile ya bukari na ile ya maharagi, uyapake maji chini, uyakalishe katika udongo mubichi na kuyazungusha. Musitumie sufuria ya fundi ama ya jirani! Hapa ndipo majiko mengi yanakufa. Jiko linapimwa kwa sufuria ya mwenye nyumba kama vile kiatu kinapimwa kwa muguu wa mwenye kuvaa. Kama nyumba ina sufuria ya sherehe ambayo ni kubwa sana, hiyo ipikiwe nje. Jiko lifuate sufuria ya kila siku. Chini ya kila sufuria weka vijiwe vitatu vidogo vya udongo, ili moto upate nafasi ya sentimita moja hivi kuzunguka matako ya sufuria.

Ndani ya mudomo weka kipande cha bati ama kigae kama rafu, katikati ya urefu. Kuni zinalala juu ya rafu, hewa inapita chini. Bila rafu, kuni zinaziba hewa na moshi unaanza.

Bomba la moshi

Bomba lijengwe kwa matofari na udongo, ama kwa bati iliyoviringishwa, nafasi ya ndani sentimita 10 mpaka 12. Tiyo ya plastiki ni marufuku. Tumeona watu wanaiweka juu ni rahisi kupata. Itayeyuka, itatoa moshi wa sumu, na inaweza kushika moto.

Kama paa ni ya nyasi ama baché, pitisha bomba kwenye ukuta, si kwenye paa, na ulisimamishe nje mbali na nyasi. Kama paa ni ya bati, bomba la bati linaweza kupita juu, lakini lisiguse muti wa paa hata mumoja: acha upana wa kiganja kizima kila upande na kufunika nafasi hiyo kwa kipande cha bati. Kichwa cha bomba kipite juu ya paa angalau sentimita 60, na kiwe na kofia ya bati ili mvua isiingie. Bomba fupi linarudisha moshi ndani upepo ukipiga.

Chini ya bomba acha tundu dogo lenye kifuniko cha tofari. Hilo ndilo mulango wa kusafishia. Fundi asiyeacha tundu hilo ameacha kazi nusu.

Kukausha na moto wa kwanza

Toa mugomba baada ya siku tatu hivi, udongo ukishikamana. Kisha acha jiko kivulini majuma mawili mpaka matatu. Jua kali linakausha ngozi ya nje wakati ndani bado mubichi, na hapo ndipo nyufa zinatokea. Ufa mudogo ukionekana siku hizo, loweka kidole, paka udongo laini, sugua.

Moto wa kwanza uwe wa majani makavu na vijiti, nusu saa tu. Kesho yake saa moja. Siku ya tatu unaweza kupika chai. Kupika maharagi siku ya kwanza ni kulipasua jiko kwa mukono wako.

Kuni kavu ni nusu ya kazi

Kuni iliyokatwa leo inaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto wako unafanya kazi ya kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni kabla ya kuchemsha maji ya sufuria, na moshi mweusi unaoganda ndani ya bomba unatoka hapo. Pasua kuni ziwe na unene wa kifundo cha mukono wa mutoto, zipange chini ya bati, zisiguse ardhi, miezi miwili ama mitatu wakati wa kiangazi. Kuni kavu inalia ukigonganisha vipande viwili. Mbichi inatoa sauti ya kufa. Ingiza vipande viwili vitatu tu, usukume pole pole kadiri vinavyoungua.

Kuwasha, tumia magunzi ya mahindi, miti mikavu ya muhogo ama maganda ya ngazi. Sashe, vipande vya kandambili na mupira wa kinga havifai. Moshi wake ni sumu na unaingia katika chakula. Na musimwage petroli, wala esansi, juu ya moto unaofuka. Mwali unarudi kwenye bidon kabla hujaondoa mukono.

Utunzaji

Kila siku, kabla ya kuwasha: toa majivu yote chini ya rafu. Majivu yakijaa, hewa haipiti, na mama atasema jiko limeharibika wakati limeshiba tu. Majivu ya jana yanaweza kuficha kaa lenye moto mpaka asubuhi. Yatie katika kopo ya chuma, kamwe si katika karato ama ndoo ya plastiki, na kuyaacha nje siku nzima kabla ya kuyatumia.

Kila juma: toa masufuria, futa masizi katika njia ya kati ya sufuria ya kwanza na ya pili. Futa pia matako ya sufuria. Masizi yanazuia joto. Paka mwili wa jiko kwa kitambaa chenye udongo laini wa majimaji, hivyo nyufa ndogo zinafungwa kabla hazijakua.

Kila mwezi: fungua tundu la chini ya bomba, pitisha kijiti kirefu kilichofungwa nyasi ama kitambaa kutoka juu mpaka chini, utoe masizi. Fanya hivyo asubuhi jiko likiwa baridi kabisa. Masizi mengi yakishika moto ndani ya bomba utasikia muvumo kama wa upepo mukali, na cheche zitatoka juu. Ikifika hapo: toa kuni, ziba mudomo wa jiko kwa matope ama bati ili kukata hewa, toa watu nje, tazama paa. Usimwage maji ndani ya bomba lenye moto.

Kila mwaka, kabla mvua haijaanza mwezi wa 9 ama wa 10: kagua kofia ya bomba, kagua kama muti wa paa umeanza kuwa mweusi karibu na bomba, jaza nyufa zote. Ufa ambao kidole kinaingia hauponi kwa kupakwa: panua kwa kisu, lowesha, jaza mchanganyiko muzito wenye nyasi, piga vizuri, acha siku tano. Badilisha rafu ikiwa imeliwa na moto.

Jiko linaloanza kurudisha moshi linasema kitu. Tafuta kwa mufuatano huu: majivu, kuni mbichi, masizi katika bomba, sufuria isiyokaa vizuri. Mara nyingi ugonjwa uko katika mambo haya mane, na fundi hahitajiki.

Mbabula ya makala: hatari isiyo na harufu

Nyumba nyingi zina jiko la kuni na pia mbabula. Usiku wa mvua, baridi ikishuka kutoka mulimani, watu wanaingiza mbabula ndani ya chumba cha kulala na kufunga dirisha. Makala haitoi moshi mwingi, kwa hiyo wanafikiri ni salama. Lakini inatoa hewa yenye sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inachukua nafasi ya hewa nzuri katika damu. Mutu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, analegea, analala, na hawezi kuamka.

Mbabula inayowaka isilale na watu. Hata makala yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa sumu hiyo. Ukikuta watu wamelegea ndani ya chumba chenye mbabula, fungua mulango na madirisha, watoe nje kwenye hewa, na kuwapeleka haraka kituo cha afya, hata kama wameamka na kusema wako sawa.

Moto ukitoka, mutoto akiungua

Karibu na kila jiko kuwe na ndoo ya muchanga. Sisi watu wa ziwa hatuwezi kusema muchanga umekosekana. Mawese yakishika moto wakati wa kukaanga ndakala, funika sufuria na kifuniko na kutoa kuni. Maji juu ya mafuta yanayowaka yanarusha moto mpaka kwenye paa.

Mutoto akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20 bila kuacha. Vua nguo na bangili karibu na jeraha, lakini nguo iliyonata kwenye ngozi usiivute. Hakuna mawese, hakuna dawa ya meno, hakuna unga, hakuna majivu: vyote vinaleta uchafu katika jeraha na kumutesa mutoto siku ya kuoshwa. Funika kwa kitambaa safi, umupeleke kituo cha afya. Jeraha la uso, mikono, sehemu za siri, ama lililo kubwa kuliko kiganja cha mutoto, halingoji kesho.

Majivu na miti: jiko linaporudi shambani

Majivu ya kuni, yakiisha kupoa, ni mbolea ya bure. Yana potasi na yanapunguza ukali wa udongo wenye asidi, kama ule wa mulimani. Nyunyiza konzi mbili katika mita moja ya mraba, uchanganye na udongo kabla ya kupanda maharagi, mahindi ama mboga. Musiyachanganye na samadi mbichi wala na urea, juu yanafukuza azoti hewani. Musiyaweke kwenye viazi vya kizungu. Yanaongeza ugonjwa wa ukoko. Na majivu ya plastiki ama ya mbao zilizopakwa rangi yasiingie shambani hata kidogo.

Jiko lililojengwa vizuri na kutunzwa linaweza kupunguza kuni kwa theluthi moja mpaka nusu. Sehemu inayobaki tunaweza kuipanda wenyewe. Kaliandra kwenye mupaka wa shamba inakatwa na kuchipuka tena, inatoa kuni nyembamba zinazofaa mudomo wa jiko hili, na majani yake yanakula mbuzi. Grevilea inapatana na mazao ikikatwa matawi. Mikaliptusi inakua haraka, lakini muiweke mbali na chemchemi na mbali na muhogo, juu inakunywa maji mengi.

Tunachoomba koperative zifanye

Tunaomba kila koperative ichague watu wawili, mama mumoja na kijana mumoja, wa kupita katika nyumba zenye jiko mara moja kwa miezi mitatu. Wabebe kijiti cha kusafisha bomba, kopo ya udongo laini, na daftari. Waandike: jiko linawaka ama limegeuka meza? Bomba lilisafishwa lini? Matete yako umbali gani? Ndoo ya muchanga iko? Kazi hiyo katika nyumba moja haimalizi hata nusu saa.

Mupango wa kwanza uwe mwezi huu, kabla mvua haijaanza. Waanze na nyumba ambazo jiko limeachwa. Watoe masahani juu yake, wafungue bomba, watoe masizi, wajaze nyufa, wawashe vijiti vikavu na kukaa pale mpaka maji ya chai yachemke mbele ya mwenye nyumba. Daftari hilo mulilete katika mukutano ujao. Tutalisoma pamoja, nyumba kwa nyumba.